Mashine ya vumbi haijafa, mkanda ndio umekwisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Morogoro, aliyelalamika kwamba mashine za kufyonza vumbi za mtumba kutoka Ulaya ni takataka tunazomwagiwa, kwamba ya kwake ilifanya kazi miezi minne ikafa, na kwamba zipigwe marufuku bandarini. Barua yake niliisoma barazani kwa msikiti baada ya alasiri, nikacheka peke yangu mpaka watoto wa madrasa wakageuka kunitazama. Simcheki yeye. Nilikuwa najicheka mimi, maana maneno yale yale niliyasema mwaka jana, tena kwa sauti ya juu, mbele ya kamati nzima.

Yeye mwenyewe ameeleza kwamba mota bado inalia vizuri ila mashine haiokoti mchanga, na kwamba kabla ya hapo palitoka harufu ya mpira unaoungua. Ndugu yangu, ugonjwa umeshautaja. Mashine ambayo mota yake inalia haijafa. Kilichokwisha ni mkanda, ule mpira unaozungusha brashi ya chini, kitu chepesi kuliko kandambili ya mtoto.

Mimi ni mtumishi wa msikiti hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tisa. Kabla ya hapo nilikuwa na mashine ya kusaga Muheza kwa miaka 22. Mikanda nimelala nayo na kuamka nayo. Nilikuwa naujua mkanda wa B na wa A kwa kuukanyaga gizani. Ule wa kinu umeandikwa mgongoni, herufi ya unene na namba ya urefu kwa inchi, na ukilegea hununui mpya. Unafungua nati nne za mota, unaisogeza nyuma kwenye reli zake, unaubonyeza mkanda kwa dole gumba, ukirudi sawasawa unakaza. Basi siku kijana wetu anayeishi Leicester, Uingereza, alipotuletea mashine ya vumbi ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani, na mweka hazina akauliza nani ataihudumia, nilisimama nikasema: mkanda? Mniachie mimi.

Ni ile ya kusimama, yenye mpini mrefu, unaisukuma kama mashine ya kukatia nyasi. Umeme wa Uingereza na wetu hauna ugomvi, na plagi yake ya miguu mitatu ya bapa inaingia ukutani kwetu bila adapta. (Walio na ndugu Marekani wawe macho: mashine za huko ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu, hutahitaji mkanda tena.) Zulia letu ni la ukuta hadi ukuta, na Tanga ni mchanga. Waumini wanatawadha, wanaingia na miguu mibichi, mchanga unazama kwenye mizizi ya zulia. Ufagio hauufikii. Hata kufyonza peke yake hakutoshi. Chini ya tumbo la mashine hizi kuna rola yenye brashi inayozunguka kwa kasi na kulipiga zulia, mchanga unaruka, ndipo hewa inauvuta. Rola hiyo inazungushwa na mkanda wa mpira unaotoka kwenye pini ya mota, pini nyembamba kama kidole cha mwisho. Mkanda ukikatika au ukilegea, sauti ya mota inabaki, upepo unabaki, mchanga nao unabaki pale pale.

Yetu iliugua wiki moja kabla ya Ramadhani. Kijana mmoja wa kujitolea aliamua kutumia bomba la pembeni kufyonza vumbi la nyavu za madirisha. Akaisimamisha mashine wima juu ya mswala wa imamu, akaiwasha, akashika bomba, akapanda kwenye kiti. Mashine nyingine zikisimama wima brashi inakatwa, yetu haikatwi. Rola ikaendelea kusugua pale pale, ikaanza kula matamvua ya mswala, ikayaviringisha kama mama anavyosokota uzi pajani, hadi ikakwama. Mota ikaendelea. Pini inazunguka, mkanda umesimama, mpira unasagika juu ya chuma. Harufu ilifika mpaka kwa muuza kahawa wa ng'ambo ya barabara.

Nilichomoa plagi kwanza. Hilo nalisema waziwazi kwa sababu nimeona watu wanaingiza vidole mle ndani wakitegemea swichi. Nikailaza chali barazani juu ya gunia, nikafungua skrubu nne kwa bisibisi ya nyota, sahani ya chini ikatoka. Ndani mlikuwa na mazulia mawili: lile la matamvua, na jingine la nywele na nyuzi za kanzu lililokuwa limejikaza kwenye rola miezi kadhaa bila mimi kujua. Nilikata kwa wembe, nikavuta kwa koleo, nikapata fundo la kujaza kofia. Mkanda haukuwa umekatika. Ulikuwa bapa, mweusi, unang'aa upande wa ndani kama kigae kilichopakwa mafuta, na sehemu moja imeliwa. Unga mweusi ulikuwa umetapakaa kila mahali. Nikaulaza juu ya sakafu, nikaunyoosha bila kuuvuta, nikaupima kwa rula ya mjukuu: sentimita 13 na nusu toka kona hadi kona.

Nikaenda nao mjini kwenye duka la spea, duka nalihifadhi jina. Muuzaji, kijana mwenye heshima zake, alisema, "Shikamoo mzee wangu, lete tuuone." Akautundika ule wangu kwenye msumari, akatundika na mpya pembeni, ncha kwa ncha. Upana sawa, urefu sawa. "Pacha," akasema. Nilitoa shilingi 5,000 nikarudi nikiwa nimeridhika kabisa. Ukaingia bila taabu hata kidogo, na mimi kwa ujinga wangu wa kinu nikaona hiyo ndiyo dalili njema. Siku ya kwanza brashi ilizunguka. Siku ya pili ilizunguka ikiwa hewani tu. Ukiiweka kwenye zulia inasimama. Siku ya tatu, ile harufu tena.

Mniruhusu hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapoteza mashine. Mkanda wa kinu una nyuzi ngumu ndani yake, hauvutiki, na anayeukaza ni wewe kwa kusogeza mota. Mkanda bapa wa mashine ya vumbi mara nyingi ni mpira mtupu, na mota yake haisogei popote. Kinachoushika usiteleze ni mvutano wake wenyewe: unatengenezwa mfupi kuliko safari yake, unavutwa ndipo unaenea, na unaishi maisha yake yote ukitaka kurudi udogo wake. Kadiri unavyotumika unarefuka, unachoka kurudi. Kwa hiyo ule niliopeleka dukani haukuwa kipimo cha mkanda, ulikuwa kipimo cha uchovu wake. Ni sawa na kumnunulia mtu viatu kwa kupima miguu iliyovimba. Mimi na yule kijana tulinunua mkanda mpya uliokuwa mzee tangu siku ya kuzaliwa.

Kosa la pili ni langu peke yangu. Ramadhani imekaribia, hela ya kamati imekwisha, nikachukua tyubu kuukuu ya gari, nikakata pete nzima isiyo na kiungo, upana ule ule. Nilijiona mhandisi. Ilikaa kama dakika kumi. Ukikata kwa wembe, ukingo unabaki na vidonda vidogo usivyoviona, na kila kidonda ni mlango wa kukatikia. Tena mpira wa tyubu ulitengenezwa kuzuia upepo, haukutengenezwa kukimbizwa na pini inayopiga maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mota ya kinu changu ilikuwa inapiga 1,440, na hata pale usingenikuta nimefunga tyubu. Ilipokatika iliacha gundi nyeusi kwenye pini, nikaisugua kwa kitambaa na spiriti nusu saa nzima. Msomaji yeyote atakayefunga mkanda mpya juu ya pini yenye gundi ya mkanda wa zamani atakuwa ameuharibu kabla ya kuuwasha.

La tatu ndilo lililotia hasara. Nilirudi kwa yule kijana nikamwambia nataka mfupi zaidi. Akanipa mfupi zaidi, na mnene zaidi. Niliusukuma kwa mpini wa kijiko mpaka ukaingia. Mota ilipowaka ililia kama mtu aliyebeba gunia la kilo mia. Sikuelewa. Nilisafisha safu tatu za zulia, nikagusa ncha ya rola, nikatoa mkono haraka. Ile bushi ya plastiki inayoshika rola upande wa mkanda ilikuwa imeanza kulainika. Mkanda uliokaza kupita kiasi huivuta rola na pini ya mota kuelekeana mchana kutwa, na wa kwanza kulalamika ni bushi na beringi. Uliolegea unajiua wenyewe; uliokaza unaua jirani zake. Kati ya hizo mbili, ningechagua ulegee.

Ndipo nilipokwenda kwenye kamati na ile hotuba yangu ya takataka za Ulaya.

Aliyenitoa gizani ni mjukuu wangu, ana miaka 15. Hakupima chochote. Aliigeuza mashine, akalowesha kidole mate, akafuta uchafu nyuma ya tumbo karibu na magurudumu, ikatokea lebo yenye namba ya modeli. Kisha akachukua ile sahani ya chini ambayo mimi nilikuwa nimeifungua mara nne na kuilaza kifudifudi, akaipindua. Upande wa ndani palikuwa na namba ya mkanda imechorwa kwenye plastiki, na mshale wa njia ya mkanda. "Babu," akasema, "si wameandika?" Nikamwambia akaniletee maji ya kunywa.

Namba tuliituma Leicester kwa simu. Baada ya Idi Mosi ikaja bahasha kwa mkono wa msafiri, mikanda mitatu ndani. Nikautoa mmoja nikaulaza sakafuni kando ya ule wa kwanza kabisa. Sentimita 12 na milimita sita. Mfupi kwa karibu sentimita nzima. Wallahi ningeuona dukani ningemwambia muuzaji si wenyewe. Kuufunga kulitaka nguvu: unauvika kwenye pini kwanza, unaupitisha kwenye mfereji wa rola, halafu unaisukuma rola kwa viganja viwili hadi ncha zake zilale kwenye nafasi zake, na mkanda unakupinga njia nzima. Ukishaingia, zungusha rola kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kufunga skrubu. Utauona mkanda ukijitafutia katikati, na ukisugua ukuta utausikia. Tulipowasha, zulia lenyewe lilinyanyuka kidogo chini ya mashine. Safu ya kwanza tu ilitoa mchanga wa kujaza kikombe cha chai.

Mjukuu huyo huyo ndiye aliyenisomea habari za aliyeianzisha mashine ya namna hii, nami zimenikaa. James Murray Spangler alikuwa mfagiaji wa duka kubwa huko Canton, Ohio, Marekani, mtu mwenye pumu, na vumbi la ufagio lilikuwa linamuua. Akaunganisha mota ya feni, mpini wa ufagio na foronya ya mto ya kukusanyia vumbi, na brashi ya kuzunguka mbele. Hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi wake, ilitoka Juni 1908. Haki akazinunua William Hoover, mtu wa biashara ya bidhaa za ngozi na matandiko ya farasi, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Hoover. Mfagiaji mwenzangu huyo. Napenda kufikiri kwamba mkanda wa mashine yake ulipokatika alijua pa kuangalia.

Tangu hapo baraza la msikiti limekuwa gereji, na si mikanda yote ni ya aina ile. Nyumba moja ya wageni Raskazone waliniletea mashine yenye mkanda wa meno, kama ule wa ndani ya injini. Huo haunyooki, na ndiyo maana unadumu miaka, lakini ukikosa jino moja tu, kila mzunguko unasikia tak. Huo hesabu meno, usipime kwa rula peke yake. Mara nyingi una maandishi mgongoni, kwa mfano 300-3M-9: urefu wa milimita 300, toka jino hadi jino milimita tatu, upana milimita tisa, gawa 300 kwa tatu, meno mia. Wenye meno ya duara na wenye meno ya pembe hawabadilishani hata kama urefu ni ule ule. Jino halikai kwenye kitanda cha mwenzake, linakwanguliwa. Wale wa nyumba ya wageni walikuwa wameshafungiwa wa pembe.

Na mama mmoja wa Chumbageni alikuja na mashine ya kampuni ya Dyson, modeli DC07, ameshanunua mikanda mara mbili kwa jina la modeli kabisa, na yote imekataa. Kumbe DC07 zilitoka za namna mbili, zenye klachi (kifaa kinachoiacha brashi isimame huku mota ikiendelea) na zisizo na klachi, na mikanda yake ni tofauti. Hapo hata jina halitoshi, sharti uigeuze uone kama klachi ipo. Mashine nyingine za zamani mkanda unapindwa njiani, ukiupinda kinyume brashi inazunguka kurudi nyuma na kukurushia vumbi miguuni. Nilifanya hivyo mara moja, nimevaa kanzu nyeupe, siku ya Ijumaa.

Sasa kuhusu marufuku. Mimi sikubaliani nayo, ila msomaji wa Morogoro ana haki ya kukasirika, na hasira yake naomba tuielekeze mahali pake. Ndugu zetu mlioko Uingereza na kwingineko, mnapotupakilia mashine kwenye kontena, fungeni mikanda mitatu minne kwenye mpini kwa selotepu, iliyonunuliwa kwa namba. Kwenu ni kitu cha kuagiza jioni kikafika kesho. Kwetu ni safari ya bahasha na msafiri. Nanyi mnaofungua makontena na kuuza kwa kunadi, mna muda wa kuzifuta mashine kwa sabuni zing'ae. Futeni na lebo isomeke, msiikwangue pamoja na uchafu. Mashine iliyokwanguliwa lebo mimi siku hizi sinunui hata kwa bei ya kuku. Na yule kijana wa duka la spea, ambaye bado ni rafiki yangu, nimemwambia autoe ule msumari ukutani. Anasema wateja wanaupenda. Basi angalau awaulize kwanza ule waliouleta umefanya kazi muda gani.

Kwetu hapa msikitini mkanda nabadilisha kila baada ya miezi sita, uwe umekatika haujakatika, na nywele nakata kwenye rola kila Alhamisi. Nyavu za madirisha tunapangusa kwa kitambaa. Mswala wa imamu unakunjwa na kuwekwa mimbarini kabla plagi haijaingia ukutani.

Ndugu wa Morogoro, kama mashine yako bado iko stoo na hujawapa wauza vyuma chakavu, ichomoe, ilaze chali, lowesha kidole. Ukiiona namba, iandike kwenye gazeti hili hili. Nina mkanda mmoja umebaki kwenye bahasha, na huenda ukawa wa kwako.

Wako katika kazi,
Mtumishi wa msikiti,
Ngamiani, Tanga